Damu Aliyoifua Mbinya

Mbinya alikuwa fundi wa nguo pale soko la Mukuyuni, na harusi nyingi za kanisa lao zilipitia kwenye cherehani yake. Mwaka wa 1986 akapatikana na kansa ya mlango wa kizazi. Madaktari wa Nairobi walisema imeshapita hatua ya kupasuliwa, wakamchoma kwa mionzi wiki sita. Aliporudi, watu walishukuru Mungu kwamba amepona.

Yeye hakuwa na hakika. Tangu mionzi, tumbo likisokota, ilimbidi akimbie chooni papo hapo. Kanisani akahamia benchi la nyuma. Wateja akawapunguza, maana utampimaje mtu nusu halafu umwache amesimama? Na mumewe Ndolo alipomkaribia, aliumia kama anayekatwa kwa wembe. Akaanza kulala na watoto, akisingizia kikohozi cha yule mdogo. Ndolo hakuuliza kitu.

Agosti ya mwaka uliofuata akaona damu kwenye nguo ya ndani. Tone tu, kama lile la kabla ya ugonjwa. Aliifua upesi, kisha akaenda Kambu kwa Kasyoka, mwenzake wa wodini. Kansa ya Kasyoka iligunduliwa mapema. Alitolewa kizazi, hakuchomwa. Mbinya alimkuta akiuza machungwa kando ya barabara, amenawiri.

"Wewe umepona kabisa," Mbinya akasema baada ya kumsimulia ile damu, na wivu ukasikika.

"Nimepona, ndiyo. Lakini nina miaka ishirini na tisa na sina mtoto. Mama mkwe anamtafutia mwanawe bibi mwingine." Kasyoka akamtazama. "Hiyo damu umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Mimi si daktari, Mbinya. Mwambie bwana yako."

Jioni Mbinya alimkuta Ndolo akipukuchua mahindi. Akaketi kando yake.

"Baba Kiilu, nimeona damu tena. Na kulala na watoto, si kikohozi. Naumia."

Mikono ya Ndolo ikasimama. "Mimi nilidhani umenichoka," akasema. "Tena watu walisema huo ugonjwa unaambukiza. Nikaogopa, nikaona haya kukuuliza."

Walikwenda Nairobi pamoja. Daktari akakata kinyama kidogo cha kupimwa, wakaambiwa warudi baada ya wiki mbili. Katika siku hizo Mbinya alishona kola moja na kuifumua mara tatu.

Haikuwa kansa. Mionzi ilikuwa imeidhoofisha ngozi ya ndani, daktari akawaeleza, ndiyo maana inavuja damu na kuuma. Akawapa mafuta ya kupaka, akawaomba wawe na subira. Kuhusu tumbo, hakuahidi chochote.

"Atakuwa akipimwa mpaka lini?" Ndolo akauliza.

"Kila miezi sita, kwa miaka mitano."

Ndolo alichimba choo nyuma ya kibanda cha cherehani, na Mbinya akaanza tena kupokea nguo za harusi. Alirudi chumbani kwao. Siku nyingine waliweza, siku nyingine waliacha. Lakini kila Februari na kila Agosti, wiki moja kabla ya kupimwa, chakula kilikuwa hakimshuki.