Moyo wa Mama Ukutani

Alikuwa fundi cherehani, mjane mwenye ulimi wa wembe. Kwa sare za shule alizoshona, alimsomesha mwanawe wa pekee mpaka akawa mhandisi. Siku alipoanguka akiwa kazini, mwana alikuja mbio, akambandika kifuani utando mwembamba wa mpira, uliochapwa mistari ya wino wa fedha kama watu wachapavyo fulana.

"Unanyumbuka na ngozi, mama. Kila pigo la moyo wako nitaliona kule kule ofisini."

"Na miguu yako itakuja kuniona lini?"

Mwana akacheka, akaaga. Ndiyo ikawa imetoka hiyo.

Zikabaki meseji. Mama akipanda ngazi: "Mama, pumzika kidogo." Akigombana na mpangaji wa juu: "Mama, vuta pumzi." Mwanzoni aliwaringishia wateja kuwa mwanawe hambandui jicho. Kisha akagundua maneno ni yale yale, hata nukta haihami. Akaanza kunusa kitu.

Joto lilipozidi na kifua kumwasha, aliubandua utando, akautia mkobani, akaketi kusubiri simu ya mwana aliyeona moyo wa mamake umenyamaza.

Ikaja meseji: "Mama, kumbuka kuchaji kifaa chako."

"Kumbe nalelewa na mashine!" akasonya.

Wiki ikaisha, simu haikulia. Akafunga duka, akaenda ofisini kwa mwanawe. Alimkuta ndani ya suti, mbele ya wageni, anaonyesha ukutani mstari unaopanda na kushuka.

"Huyu ni mama yangu mzazi," alikuwa akisema kwa sauti ya asali. "Saa hii yuko nyumbani, moyo umetulia. Mimi mwanawe sina wasiwasi hata kidogo."

"Hilo la kutokuwa na wasiwasi ni kweli," fundi alisema kutoka mlangoni. Akautoa utando, akauvuta ukarefuka, akauachia ukarudi. "Lakini mimi huu nimeuvua tangu wiki iliyopita. Huyo wa ukutani alikunyonyesha lini?"

Mgeni mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mwana akababaika. "Mama, ile... ile ni rekodi tu. Ya mfano."

"Naona. Mama wa mfano, mtoto wa mfano."

Kifaa chenyewe hakikuwa na kosa. Kilisema kweli tangu siku ya kwanza. Aliyekosekana ni msikilizaji. Ndiyo maana fundi alikubali kuvaa kingine, kwa sharti kwamba kisomwe na muuguzi wa zahanati, mtu anayepiga simu kwa mdomo wake mwenyewe.

Mwana naye siku hizi huja kila Jumapili. Hukaa kwenye kiti cha wateja, macho kwenye simu, akiitikia "ndiyo, mama" hata kabla hajaulizwa.

"Mtazameni msomi wangu," fundi huwaambia majirani bila kushusha sauti. "Mwili umefika, mwenyewe yuko njiani."

Hata hivyo, Jumapili hapokei kazi ya mteja yeyote.