Ghala Lililonizibia Barabara

Mwanangu, katika mambo ya kijinga niliyowahi kufanya nikiwa na akili zangu timamu, la kwanza ni kubomoa ghala letu la nafaka kwa sababu lilinizibia barabara. Nilikuwa nimenunua makochi, na nikiketi sebuleni sikuwaona watu wakienda soko la Kyuso. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Barabara ndiyo sinema yangu.

Miaka ya sabini nilikuwa kibarua ofisi ya maji. Sikujua kama mwezi ujao wangeniita tena, kwa hiyo nikilipwa tu, mke wangu Mbithe alinunua mtama na ndengu, akachanganya na jivu kuzuia wadudu, akajaza ghala. Sukari ilikuwa ya wageni. Halafu nikaandikwa kazi ya kudumu, yenye pensheni. Siku hiyo hiyo nikawa mkubwa: makochi kwa mkopo, redio, mkate kila asubuhi.

"Ukibomoa ghala, chakula tutaweka wapi?" Mbithe aliuliza.

"Serikali ndiyo ghala langu," nikamjibu, panga mkononi. Maneno hayo yalifika kijiji kizima kabla ya jioni.

Miaka ya tisini wakapunguza wafanyakazi. Kazi ya kudumu ikadumu mpaka Ijumaa. Mwaka huo mvua nayo ikakosa, duka likakataa kunikopesha, na watoto wakawa wanalala na uji mwepesi kama maji ya kuoshea sufuria. Mbithe alichukua kikapu akaenda kwa jirani yetu Mama Ndinda, ambaye mumewe alikuwa kibarua wa barabara maisha yake yote, na ghala lao halikuwahi kuwa tupu. Nikamfuata nyuma, nibebe.

Basi, mwanangu, ukipata kazi ya uhakika, furahi, nunua hata kochi. Lakini weka akiba vile ulivyoweka ulipokuwa na hofu. Hofu ndiyo iliyotulisha sisi. Uhakika ndio uliotulaza njaa. Mungu akupe kazi ya kudumu kweli, na nyumba isiyoitegemea hiyo peke yake.

Mama Ndinda alikijaza kile kikapu ndengu mpaka juu, akanitwika, akanitazama.

"Enda ukae kwa hiyo kochi, Baba Kioko, uangalie barabara vizuri. Ghala yako ikipita, utuite."