Tundu la Katikati, Shabaha ya Sita

Dulcie Wragge amekaa handakini miaka thelathini na moja, chini ya shabaha za uwanja wa Mulgarra, akibandika karatasi kwenye matundu ya risasi za watu wengine. Mimi ndiye mwenzake wa kuvuta kamba, na nawaambieni, mwanamke yule hatishwi. Nyoka aliwahi kumkuta humo akila pai ya nyama. Aliyehama ni nyoka.

Siku hiyo wanajeshi walikuwa wanamaliza kozi ya udunguaji, mita mia tisa. Shenae Corbould alikuwa amebakiza risasi moja. Akipiga katikati, ni mdunguaji; akikosa, anarudi jikoni kambini kumenya viazi. Alitumia bunduki ya kawaida, ya risasi zenye unene wa milimita saba nukta sita mbili. Jirani yake, kwenye shabaha ya saba, Kapteni Hollingdale alikuwa anawaonyesha watu bunduki yake mpya ya risasi nene zaidi, milimita nane nukta sita, na majivuno yake yote.

Zikalia mbili kwa pamoja. Tukashusha shabaha. Ya saba haina hata mkwaruzo. Ya sita ina matundu mawili: moja katikati, jingine ukingoni. Mmoja wao kapiga shabaha isiyo yake.

"Ya katikati ni yangu," Kapteni akasema redioni. "Nimekosea shabaha, sikukosea kulenga. Risasi ya bunduki ndogo ikifika huko pumzi imekwisha. Binti mpeni ya ukingoni."

Dulcie akatoa mfukoni vichwa viwili vya risasi, kimoja cha kila unene, anatembea navyo siku zote. Kinene kikaingia tundu la ukingoni bila taabu. Katikati kikagoma. Chembamba ndicho kilichoenea.

"Ya katikati ni ya Shenae," akamjibu redioni.

"Mama, kazi yako ni kubandika. Bandika!"

"Sibandiki ng'o! Njoo uone mwenyewe."

"Siji huko."

Lo! Nikamwona anaing'oa shabaha nzima na mbao zake.

"Dulcie, goti lako bovu!"

"Pandisha bendera, we mzee, na unyamaze."

Nikapandisha ile nyekundu, bunduki zikawekwa chini. Akaenda kwa miguu, shabaha begani, mita mia tisa za jua kali. Nilitaka kumpokea, akanifukuza kama nzi; nikamfuata nyuma. Nilijaa hasira na fahari kwa pamoja.

Alipofika aliisimamisha mbele ya Kapteni, akamkabidhi kile kichwa kinene.

"Kitie katikati, mwanangu."

Kapteni akakisukuma. Kikakwama. Akasukuma tena, shingo imemwiva. Shenae alikuwa amefumba macho.

"Ya binti imefika imechoka," Dulcie akasema, "lakini imefika."

Sajenti akaandika: Corbould, amefaulu. Shenae akaangua kilio pale pale.

Dulcie akavuta kiti cha Kapteni, akakaa, akaanza kulisugua goti.

"Haya, baba, beba shabaha uirudishe," akamwambia. "Na ukifika, bandika."