Kitufe Kimoja cha Leseni

Kuna watu wanapenda mpira, wengine wanapenda magari. Mimi napenda fomu iliyopunguzwa. Nipe karatasi yenye maswali arobaini nikurudishie yenye maswali matatu, na siku hiyo nitalala nikitabasamu. Mume wangu anasema huo ni ugonjwa, na kwamba angejua mapema angewauliza wazee wangu kabla ya kuleta barua ya posa.

Nilikuja huku Marekani kusoma, nikabaki, na sasa ni mwaka wa tisa nipo kwenye ofisi ya leseni za biashara ya mji mmoja kati ya hii inayozunguka Minneapolis na Saint Paul. Mji wenyewe siutaji kwa sababu kazi bado naitaka. Naishi Anoka, na kila asubuhi nateremka kusini na gari, mto ukiwa upande wa kulia, nikiwaza fomu.

Zamani mwenye mgahawa akitaka kuhuisha leseni alijaza kurasa kumi na moja. Alituandikia anwani tuliyokuwa nayo na idadi ya milango tuliyoihesabu wenyewe. Kisha aliibeba ile fomu kwa watu wa zimamoto ghorofa ya kwanza, akashuka chini kwa watu wa afya, akapanda ghorofa ya tatu kwa watu wa majengo, ndipo arudi kwetu kugongewa muhuri. Akikuta wa zimamoto ameenda kula, anasubiri. Nimewahi kumwona mtu mzima amelala kwenye benchi, fomu iko kifuani, viatu amevua.

Kulipangua lile zoezi kulinichukua miaka miwili ya vikao. Siku kompyuta ya zimamoto ilipokubali kuongea na kompyuta ya afya, niliruka koridoni hadi kiatu kikanivuka. Sasa mwenye biashara angepata ujumbe mfupi kwenye simu: leseni yako inakwisha mwisho wa Machi, kama hakuna kilichobadilika bonyeza hapa. Anabonyeza, analipa ada, leseni inamjia papo hapo. Nilivimba kichwa, sikatai. Nilivimba kiasi kwamba kwenye kikao cha mwisho nilipendekeza tuondoe na zile siku thelathini za huruma tulizokuwa tukiwapa wachelewaji. Nilisema kwa kinywa changu mwenyewe, nani atachelewa kubonyeza kitufe kimoja? Watu wakacheka, siku thelathini zikafutwa.

Siku ya kuzindua nilipeleka mandazi ya iliki ofisini. Tulikuwa na orodha ya biashara zote kwenye skrini, na kila aliyehuisha jina lake liligeuka kijani. Niliitazama orodha ile kama watu wa kwetu wanavyotazama matokeo ya mtihani. Kinyozi wa kwanza alibonyeza saa mbili na dakika kumi asubuhi. Fundi magari mmoja alituandikia kwamba amehuisha akiwa bado yuko uvunguni mwa gari la mteja. Kufikia mchana skrini ilikuwa bustani ya mchicha, na mimi nilikuwa na furaha isiyokaa kwenye kiti.

Wiki zikapita. Alhamisi moja, siku moja kabla ya mwisho, nilikaa kuyasoma majina machache yaliyobaki mekundu. Nikayasoma tena. Yalikuwa majina ya watu wetu, yale yale ninayoyaona kwenye kadi za michango ya harusi. Wenye saluni, wenye maduka ya unga na kanga, na katikati yao mama mmoja Mkenya ambaye nakula kwake karibu kila wiki.

Mama huyu alihudumia wazee kwenye nyumba za kutunzia wazee kwa miaka mingi, kisha akafungua jiko lake dogo. Anapika pilau, chapati, ugali na sukuma, na mchana manesi wanajaa pale na sare zao. Jengo lake ni la zamani, na bomba lake la kuvutia moshi ni la zamani vilevile. Sheria inamruhusu kulitumia maadamu leseni yake haijawahi kukatika. Ikikatika hata siku moja, anahesabiwa mgeni, na mgeni anatakiwa kufunga bomba jipya ambalo paa la jengo lile haliwezi kulibeba. Maana yake jiko linafungwa. Hilo sikuhitaji kuambiwa na mtu, kanuni yenyewe iko mezani kwangu.

Nilimpigia kwa simu ya ofisi, hakupokea. Nikapiga tena, hakupokea. Ijumaa saa ya chakula niliingia kwenye gari nikamfuata. Mfumo ulikuwa unafungwa saa kumi na nusu.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akinitania kama kawaida yake kwamba Watanzania tunaamkia mpaka chakula kinapoa. Nikamuuliza kama alipata ujumbe wa leseni. Alicheka, akainama, akatoa chini ya kaunta bahasha kubwa ya kaki. Ndani yake mlikuwa na leseni za miaka yote, karatasi za wakaguzi, vyeti halisi na vivuli vyake, pamoja na picha ndogo za pasipoti ambazo katika nchi hii hakuna aliyewahi kumwomba. Yuko tayari kabisa, alisema, anangoja tu posta ilete zile kurasa kumi na moja. Ule ujumbe wa simu alikwisha kuufuta, akijua ni wa wezi. Na simu zangu mbili hakupokea kwa sababu hao hao wezi siku hizi wanapiga.

Akasema ngoja anisikizishe kitu, akaweka simu yake juu ya kaunta. Ikatoka sauti ya mwanamke, kali, yenye kujiamini kuliko inavyostahili.

"Ndugu zangu, mimi nafanya kazi huku mjini, nawaambia kama dada yenu. Serikali haiwezi kukutumia ujumbe ikakwambia bonyeza hapa. Ukiona jambo la serikali limekuwa rahisi, ujue ni wezi. Futa."

Ilikuwa sauti yangu.

Misimu miwili ya baridi kabla ya hapo, mwenzetu mmoja wa kikundi cha maombi kule mtaa wa Phillips alitapeliwa kwa ujumbe wa simu. Nilipandwa na hasira, nikarekodi ile sauti nikiwa ndani ya gari, nikaituma kwenye kundi, nikasahau. Kumbe yenyewe haikusahau. Ilitembea kanisa hadi kanisa, ikaingia misikitini, ikafika saluni za mtaa wa Frogtown, na mwezi ule ujumbe wangu wa kitufe ulipotoka, watu wema wakaifufua na kuisambaza upya ili waokoe wenzao. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeitumia methali hiyo kuwasema wengine maisha yangu yote.

Nikamwambia, "Mama, huyo ni mimi."

Alinitazama, akaicheza tena, akaniambia nitamke, "ujue ni wezi." Nikatamka, mbele ya manesi wenye chapati mkononi. Wao walicheka sana. Yeye hakucheka.

"Wewe ndio ulituambia tusi-click," alisema. "Leo umekuja kusema tu-click. Sasa nishike gani?"

Niliona aibu hadi masikio yakapata moto. Nilichoweza ni kumweleza yote jinsi yalivyo: lile bomba la moshi, saa kumi na nusu, na siku thelathini za huruma ambazo zingemwokoa kama nisingezifuta mimi mwenyewe kwa kutaka sifa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua aproni, akamwomba nesi mmoja amwangalizie jiko, akachukua bahasha yake.

"Twende huko kwenyu," akasema. "Nataka kukuona na macho yangu ukiwa umekaa kwa hiyo ofisi."

Alinifuata na gari lake. Ofisini hapakuwa na foleni, foleni niliifuta mwenyewe, na ukumbi mtupu ule ulimtia wasiwasi zaidi. Alilinganisha picha ya kitambulisho changu na uso wangu. Akaja mpaka kwenye meza yangu, akanitaka nikae, nikakaa. Aliporidhika alikwenda kwenye kompyuta ya wateja, akavaa miwani, akabonyeza.

Leseni ikatokea. Mwenzangu wa kaunta, Mmarekani aliyekuwepo tangu kabla yangu, akaichapa na kumpa. Mama akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma.

"Muhuri iko wapi?"

Nilianza kumweleza kwamba muhuri tumeufuta, kwamba kisheria hauna kazi. Mwenzangu hakuelewa Kiswahili chetu, ila alikwisha kuwaona watu wengi wakiigeuza karatasi ile namna ile. Alivuta droo akautoa ule muhuri ambao niliandika barua rasmi utupwe, akanitazama kwanza. Nikatikisa kichwa kukubali. Akaugonga. IMEPOKELEWA, kwa Kiingereza, wino wa buluu. Sijawahi kufurahi hivyo kuona barua yangu imepuuzwa.

Mama aliipiga picha leseni, akaituma kwenye makundi yake yote. Kisha akaisogeza simu mdomoni, pale pale kaunta.

"Watu wangu, hii ya ku-click ni ya ukweli. Niko hapa ofisini. Yule dada wa ile sauti ni mtu kabisa, nimemwona, na anaomba msamaha. Clickini mapema, mwisho ni four-thirty ya jioni."

Msamaha sikuwa nimeuomba. Nikauomba hapo hapo, akaitikia kwa mkono.

Ikawa saa tisa na robo. Nilikimbilia kwenye skrini, naye akaja kusimama nyuma ya kiti changu. Dakika kadhaa hapakuwa na kitu. Halafu saluni moja ikageuka kijani. Likafuata duka la unga, kisha matatu kwa mpigo, na mimi nikaanza kupiga makofi kama mtoto, na mama akawa anawataja watu hao mmoja mmoja jina lilipogeuka: huyu namjua, huyu ni wa kwaya, huyu ni mbishi lakini ameclick. Jina la mwisho la watu wetu liligeuka dakika nne kabla ya muda. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuandika ombi la kurudisha siku thelathini, na nililimaliza kabla sijainuka.

Mama aliirudisha leseni kwenye bahasha, juu ya zile picha ndogo za pasipoti, akaibana kwapani.

"Mwaka ujao nakuja siku gani?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna haja ya kuja, kwamba ndiyo maana ya kazi yangu yote, atabonyeza tu akiwa jikoni kwake.

"Hiyo nimeelewa," akasema. "Nimeuliza nakuja siku gani."

Nikafungua kalenda.