Meno ya Mwalimu Yanakula Kabati

Bi Magego hutengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki, na filamu ya kutisha iliyotengenezwa vizuri humtia usingizi. Popo akiruka bila uzi kuonekana, anapiga miayo. Uzi ukionekana, na damu ikawa wazi kabisa ni sosi ya nyanya, anashangilia kama kashinda kesi. Katuni nazo anazitaka zisizo na kichwa wala miguu: kochi lizae ngazi, ngazi imlilie mama yake. Dada yake hudai aliangushwa utotoni.

Kila Jumamosi jioni wendawazimu wenzake saba hukusanyika hapo kutazama filamu za namna hiyo. Leo zamu ni yake, na filamu yake ya kwanza, aliyoipiga mwezi mzima, picha moja moja, imebakiza picha kumi na mbili. Nyota wake ni seti ya meno ambayo mwenye meno, mwalimu mstaafu, kaambiwa haijakauka. Imekauka tangu mwezi uliopita.

Saa nne asubuhi mwalimu akaingia bila hodi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Meno."

"Bado kidogo..."

"Binti, saa sita namwoza mwanangu. Nihutubie wakwe kwa ufizi?" Macho yakatua mezani. "Si hayo hapo? Yanafanya nini?"

"Yanakula kabati." Kabati lenyewe la karatasi ngumu. "Mjomba wa filamu yangu yameshammaliza."

"Alikosa nini?"

"Hakuwa anapiga mswaki."

Mwalimu hakucheka. Cha mtu ni cha mtu: Bi Magego akayaosha, akayapachika kinywani mwa mzee, akahakikisha hayabani. Filamu ikafia hapo. Seti nyingine ni kazi ya siku nne.

Mzee akagonganisha meno mara mbili. "Hebu nione." Akatazama kwenye kompyuta mpaka picha zilipokatika. "Mjomba kafa vibaya," akasema kwa heshima. "Na kabati ndiyo basi, nusu?"

"Ndiyo basi."

"Miaka thelathini na minne nimeadhibu watoto kwa kazi nusu." Akaketi. "Nipanue kinywa kiasi gani?"

Kila picha, kabati likasogea upana wa punje ya mchele kuingia kinywani. Nje akaita mkewe, aliyemfuata: "Baba wee! Wakwe wameshakaa! Umekuja kuwekewa meno au pembe?"

Mzee angejibuje, na mlango wa kabati umemjaa kinywani?

"Anamalizia kula, mama!" akaitika Bi Magego.

Picha ya kumi na mbili mwalimu akauma kwelikweli, akatema karatasi, akaenda kuoza.

Jioni wale saba wakaona meno yaliyotembea peke yake filamu nzima yakiota ghafla midomo na masharubu meupe. Hakuna aliyeuliza yametoka wapi. Mmoja alisema tu kwamba hapo ndipo patamu penyewe. Wakairudisha nyuma, wakatazama tena.