Misumari Mdomoni

Fundi makochi wa mtaa wetu hufanya kazi na misumari midogo mdomoni. Huchomoa mmoja mmoja anapopigilia kitambaa, na mteja akimsalimu humjibu kwa nyusi. Ndiyo maana tunamwita Misumari. Wengi hudhani ana maringo. Maringo gani! Yule bwana anaogopa mdomo wake mwenyewe.

Chanzo ni harusi ya shemeji yake. Alipewa kipaza sauti awapongeze maharusi, akababaika, akasema, "Poleni sana." Watu wakavunjika mbavu. Mwingine angecheka nao, yakaisha. Yeye akajihukumu palepale kwamba hakuumbwa kusema mbele za watu, na tangu hapo akaishi hivyo.

Mwaka huu binti yake alikuwa anaolewa tena, baada ya ndoa ya kwanza kuvunjika. Wiki ya harusi ilipoanza, alimfuata baba yake karakana, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Baba, Jumamosi utatusemea neno?"

Misumari akatikisa kichwa. "Aibu," akasema kwa shida, misumari imembana mdomoni.

"Haya, Baba," binti akaitikia, akaondoka.

Jioni mkewe alimvaa. "Mtoto analia huko ndani. Umemwambia ndoa yake ni aibu?"

Kumbe Misumari alikuwa amejisema yeye mwenyewe! Akaenda hadi mlangoni kwa binti, akasikia kwikwi, akajiambia, "Nikifungua mdomo nitaharibu zaidi." Akarudi kwenye makochi yake. Hapo ndipo ninapomkasirikia. Alimwacha mtoto na jeraha lile mpaka siku ya harusi, eti kwa kumhurumia.

Ukumbini mjomba ndiye aliyesema, tena akasema vizuri. Binti alitabasamu bila kumtazama baba yake. Zamu ya wazazi kuwapa mkono maharusi ilipofika, Misumari alisimama mbele yake, akagusa midomo kama anayetafuta kitu cha kutoa. Hakukuwa na kitu. Aibu ikamchoma hadi masikioni.

"Pole, mwanangu," akasema.

Meza ya mashemeji ikaangua kicheko. "Kaanza tena!"

Misumari hakuondoka. "Ile aibu nilijisema mimi. Sikukusema wewe."

Binti akainua macho, akamtazama. "Wiki nzima, Baba?"

Mdomoni hamkuwa na msumari wa kusingizia.