Mastaa wa kriketi wakistaafu timu inabaki? Sisi Voi tulipeleka mbuzi Wusi na mpaka leo sijaelewa

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi ni msomaji wa humu kwa muda, kuandika ndio naanza leo. Haya nitakayosema yametokea na nilikuwepo. Sitaongeza chumvi, maana hata bila chumvi yenyewe imenishinda kumeza. Na kama kuna mtu wa Voi humu akinijua, anyamaze tu, tutaonana mtaani.

Nimeona kuna uzi hapa wa India kwenye kriketi. Watu wanauliza, hawa wamekuwa wakipiga kila mtu, sasa vigogo wao wameanza kustaafu mmoja mmoja, je watabaki juu ama ndio mwisho?

Nikaanza kujibu pale. Jibu likawa refu. Ndio nikafungua uzi wangu.

Najua wengi mnashangaa kijana wa Voi na kriketi wapi na wapi. Ngoja nieleze.

Nafanya kazi hardware. Shule niliachia Form Two, mambo ya nyumbani, si ya leo. Bosi wangu ni Muhindi wa Voi, tunamwita Bhai. Amezaliwa Voi, babake amezaliwa Voi, na Kiswahili chake kinashinda changu. Nyuma ya godown ana ploti kubwa, na hiyo ploti tangu zamani ni uwanja wa kriketi. Zamani walicheza ndugu zake. Ndugu wakahamia Mombasa, wengine ng'ambo, wachezaji wakapungua, akaanza kuchukua wafanyakazi. Siku hizi timu ni Bhai, binamu zake wawili, na sisi wengine wa kubeba simiti.

Mnaweza kucheka lakini tulikuwa moto. Timu ya mkonge, ya wale wa shamba la katani, ilikuwa haijatushinda tangu nianze kazi.

Sababu ilikuwa mtu mmoja. Mjomba wangu Mwadime, kaka ya mama. Alikuwa storekeeper wa godown, na kwenye uwanja ndiye alikuwa anarusha mpira, ile wanaita kubowl. Mpira wake ulikuwa unakuja umenyooka, mtu anainua bat kwa raha, halafu unapinda mwishoni kama umeitwa na mtu. Vijiti vitatu vya nyuma yake vinaruka. Mjomba hasherehekei. Anapangusa mkono kwa suruali anarudi mwanzo.

Mimi ndoto yangu ni kuvaa jezi ya Kenya. Niseme tu, hakuna haja ya kuficha. Kila siku baada ya kazi nilikuwa namuiga mjomba, mpaka kale ka kupangusa mkono.

Basi mwaka jana goti la mjomba likakataa. Akastaafu vyote viwili, godown na mpira, akarudi kwake Wusi, juu milimani, kulima.

Sasa hapa ndipo maneno yalipoanzia.

Bhai akamfanyia farewell nzuri sana. Keki, soda, saa ya mkono, hotuba mpaka mama yangu akalia. Lakini nyumba ya Bhai haili nyama. Kwa hivyo chakula kilikuwa kachori, bhajia, viazi, chevda, vitu vya aina hiyo. Tamu kabisa. Ila sisi Wataita tukawa tunaangaliana. Mtu amewatumikia miaka yote hiyo na anaondoka bila mbuzi? Tulikula tukanyamaza.

Baada ya hapo tukaanza kupigwa.

Tulipigwa na mkonge. Tukapigwa na walimu. Tukapigwa na timu ya Mombasa ambayo nusu yao walikuja na watoto wao kutembea Tsavo, mpira wakacheza njiani.

Nilikuwa nimepewa nafasi ya mjomba. Wakuu, nilirusha kama yeye, nikapangusa mkono kama yeye, na mpira ulikuwa unaenda moja kwa moja mpaka kwenye bat ya mtu. Mwingine tuliutafuta kwenye miba ya fensi mpaka tukachoka.

Kila Jumapili tukishindwa mtu anampigia mjomba simu. Njoo hata ya mwisho. Anasema goti. Tunasema njoo usimame tu. Anasema goti.

Kwa wakati huohuo India nao walikuwa wanapitia yao, na Bhai alikuwa anaangalia kwa TV ya dukani. Wateja wanangoja misumari, yeye ameshika kichwa. Nikamuuliza, Bhai, hawa watabaki kweli?

Akasema, "India watabaki. Kule kila uchochoro kuna mtoto na bat. Hatari ni timu kama Kenya. Tulifika semi final ya Kombe la Dunia, dunia nzima ikashangaa. Lakini kilikuwa ni kikosi kimoja. Kikizeeka, kinazeeka chote pamoja."

Mimi hiyo semi final ya 2003 sikuwa nimezaliwa. Nimeisikia tu, kama watu wanavyosikia habari za babu aliyekuwa na ng'ombe wengi.

Nikauliza, na sisi hapa Voi?

Akaangalia TV. Akasema kijana wake amerudi kutoka Nairobi na mawazo ya biashara, anataka ile ploti iwe yadi ya malori. "Nimemwambia tucheze na mkonge mara moja tena. Tukishindwa, basi. Uwanja wa kushindwa kila wiki ni wa nini?"

Hapo niliacha kupima misumari, wakuu. Uwanja ukienda na ndoto yangu imeenda, maana Voi sijui pengine pa kurushia mpira.

Sasa Musyoka. Huyu ndiye dereva wa canter yetu, kale kalori ka kupeleka mizigo, Mkamba, mtu wa makamo, ana kitambi cha kutosha. Kwenye timu alikuwa anasimama mbali tu kuokota mipira. Siku hiyo tunapakia mabati akasema, "Nyinyi Wataita mnajua shida ni nini na mnaogopa kusema. Mzee amewakasirikia. Mlimpa kachori."

Aliyesema ni Mkamba lakini kila Mtaita pale alikuwa ameshafikiria hivyo.

Kwa wasiojua. Kwetu mtu wako akiwa na hasira na wewe, hata asiposema, hasira yake inaweza kukaa kwako na mambo yako yasinyooke. Dawa yake ni yeye mwenyewe aitoe. Anachukua maji mdomoni, zamani ilikuwa pombe ya miwa, anayapuliza nje na kusema maneno ya amani. Tunaita kutasa. Mimi naenda kanisani na mama yangu ni mama wa kwaya. Lakini sitadanganya humu, niliamini.

Tukamwambia Bhai tunataka kupeleka mbuzi Wusi. Akafikiria. Akasema, "Mbuzi nunueni. Lakini asichinjwe ndani ya gari yangu." Tukamwambia Bhai, nani anachinja mbuzi ndani ya gari.

Tulipanda asubuhi, mimi na Musyoka mbele, wenzetu wanne nyuma na mbuzi. Voi tuliacha jua, kupita Mwatate tukaanza kupanda, na kule juu ukungu na baridi, vijana wa nyuma wanagonga body wanataka sweta ya Musyoka.

Mke wa mjomba, namwita shangazi, ndiye alituona kwanza. Akaangalia mbuzi, akatuangalia sisi. "Mmekuja kuposa? Mimi sina binti. Labda mumchukue huyu mzee."

Mjomba alikuwa kwa kabichi. Nikamsalimia kwa kwetu, "Kwawuka mana, mjomba," akaitikia, akafuta jembe. Nikaeleza yote. Kushindwa, yadi ya malori, farewell bila nyama, hasira yake.

"Hasira gani?" akauliza.

"Ya kachori."

Wakuu, alicheka mpaka akashika goti. "Mimi zile kachori nilikula mpaka shangazi yako akaninyang'anya sahani. Sina hasira na mtu. Nimelala vizuri tangu nije huku. Kinachonisumbua ni simu zenu za Jumapili."

Tukabaki hapo na mbuzi wetu.

Mwenzetu mmoja akasema, "Sasa mjomba utase tu."

"Nitase nini? Hakuna kitu ndani."

Musyoka akasema, "Mzee, si utase hata ya akiba. Tumetoka mbali."

Nikamuuliza mjomba pembeni, basi nionyeshe unashikaje mpira mpaka unapinda. Akaangalia mkono wake kama wa mtu mwingine. Akasema, "Sijui. Mkono ndio ulikuwa unajua."

Mwisho alikubali, nafikiri ili tumuache alime. Shangazi akaleta maji kwa kikombe. Mjomba akatusimamisha mbele yake, akajaza mdomo, akapuliza. Akasema, "Kama kuna chochote ndani yangu juu ya hawa watoto, hata nisichokijua, kitoke. Waende, wacheze, wapate." Akapuliza tena. Musyoka ndiye alikuwa amemshika mbuzi mbele kabisa, alilowa shati lote. Mimi nilikuwa nyuma kidogo nimefunga macho, namwambia Yesu anielewe.

Jumapili ya mkonge ikafika.

Kijana wa Bhai alikuja na fundi wa kupima ploti. Walisimama pembeni na tepu yao wakingoja tumalize. Sisi ndio tulipiga kwanza, runs, yaani alama zetu, zikawa za wastani, za kutetea kama bowla ni mzuri.

Na bowla ni mimi.

Nilianza na moyo mweupe. Nimetasiwa, kitu gani kingine? Mpira wa kwanza ulipigwa ukapita juu ya godown. Wa pili barabarani, pikipiki ikakwepa. Nikapangusa mkono. Wa tatu pia barabarani. Ilivyoendelea sitaki kueleza. Mkonge wakawa wanacheka bila kujificha, mmoja akaniambia, "Kijana, tupa na kesho, tunakuja tena."

Bhai ndiye captain. Akaja taratibu, akaninyooshea mkono nimpe mpira. Hakunigombeza. Akaangalia uwanja wote, wote tunaangalia chini, akasema, "Mpe dereva."

Musyoka akasema, "Mimi?"

Musyoka hajawahi kubowl. Alikuja hatua chache tu, kitambi mbele, akarusha mpira wa polepole kama mtu anarudisha canter reverse kwenye geti jembamba. Yule jamaa wa mkonge alikuwa amezoea mipira yangu ya haraka. Akapiga upepo. Mpira ukafika baadaye, ukagusa vijiti, vikaanguka kwa adabu.

Wakadhani ni bahati. Aliyefuata naye akapiga upepo. Wakaanza kuogopa ule upole. Tukashinda, wakuu. Fundi akakunja tepu yake, kijana wa Bhai akawa anapiga makofi na yeye, na babake akamwambia malori yaendelee kulala yanapolala.

Nilifurahi. Nilimbeba Musyoka, ama tuseme nilijaribu. Tulipokaa chini nikamwambia, yale maji yalikuwa yetu, wewe ni Mkamba. Akasema, "Kwani maji yanauliza kabila? Mimi ndiye nililowa."

Lakini ndani nilichanganyikiwa. Kila mahali wachambuzi wanasema mastaa wakitoka wape vijana nafasi. Mimi ndiye kijana. Nilipewa nafasi. Timu imeokolewa na mzee wa kitambi ambaye hata hakutaka. Na kama ni baraka, mbona haikunigusa mimi mwenye mjomba? Na kama si baraka, mbona tumeshinda mara tu baada ya kutoka Wusi? Nimejaribu kupanga kichwani, haipangiki.

Bado sijamaliza.

Jioni nikampigia mjomba. Nilijua atafurahi. Akasema, "Mlipigwa?"

"Tulishinda mjomba."

"Nani alibowl?"

"Musyoka."

"Musyoka yupi?"

"Dereva."

"Huyu wa canter."

"Ee."

Nikasikia kuku wa shangazi.

"Kumbe," akasema. "Haya. Msalimie mamako." Akakata.

Siku mbili baadaye shangazi akanipigia kwa siri. Anauliza tulimwambia nini mzee. Anasema hataki kuongea, na jioni anakaa nje peke yake, ameshika kiazi, anakizungusha kwenye vidole kama mpira. Akimuuliza anasema anaangalia kama kimeoza.

Wakuu, mtu huyu tulimfuata na mbuzi tukidhani amekasirika, kumbe hana hasira hata kidogo. Tulipokuwa tunashindwa alikuwa analala vizuri.

Kwa hivyo kwa wale wa ule uzi wa India, jibu langu ni hili, na sina uhakika nalo. Timu inaweza kubaki. Itaokolewa na mtu ambaye hakuna aliyemtaja, na si lazima awe kijana, nawaonya vijana wenzangu. Lakini tunauliza sana habari za timu. Yule aliyeondoka anaangalia wapi siku wenzake wanashinda? Sijawahi kusikia mchambuzi akiuliza hilo.

Funzo nililopata mimi ni kuacha kurusha kwa mkono wa mjomba. Sasa hivi najifunza kudaka nyuma ya vijiti, Musyoka akirusha. Jezi ya Kenya bado naitaka, hata wao wanahitaji wa kudaka.

Wenzangu wa timu wanasema turudi Wusi na mbuzi wa pili, kwamba sasa ndio hasira iko. Mimi nimesita. Tukifika pale kwa kabichi, tukimsimamisha, tutamwambia nini? Mjomba tusamehe, tumeshinda?

Wataita mlio humu, na wale wa kriketi, na yeyote aliyewahi kuacha kitu alichokijua vizuri, nipeni mawazo. Kucheka ruhusa, lakini mkimaliza kucheka mnijibu.